Lenzi Yangu Ina Jina Lake

Jumatatu, 4 Agosti

Watu kumi na mmoja wa pasipoti saizi kabla ya saa sita. Shuka jeupe limechafuka tena, mtu kaegemea na mafuta ya nywele. Nimelifua, nimelianika, nimewaambia waliobaki wasubiri likauke. Mmoja kanuna. Nikamwambia anune hivyo hivyo, ndiyo sura inayotakiwa kwenye kitambulisho.

Mama mmoja wa Mkuza, hapa hapa Kibaha, kaiangalia kamera yangu, akauliza mbona kamera ina jina moja na lenzi ina jina jingine. Nikamuuliza yeye na mumewe wana jina moja? Akasema hapana. Mbona mnakaa nyumba moja, basi? Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Picha yake imetoka nzuri hata hivyo, mimi sina kinyongo kazini.

Lenzi iliyokuja na kamera ilikufa mvua za mwaka juzi. Iliota ukungu ndani, kila mtu akawa anatoka kama amesimama kwenye moshi wa kuni. Nikanunua hii. Kampuni iliyoitengeneza haitengenezi kamera hata moja. Kazi yake ni lenzi tu, inazichonga ziingie kwenye kamera za wakubwa. Inavuta mbali, inavuta karibu. Mwaka wa pili huu haijanitia aibu.

Alasiri Ramadhani kapiga simu. Mdogo wangu huyo, mwalimu mstaafu, yuko Maneromango kwenye nyumba ya baba yetu. Mjukuu wake Tatu anatolewa ndani Jumamosi tarehe 30. Ana miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha nne, uchumba umeshaletwa, sasa yuko ndani anafundwa. Nimefurahi mpaka nimeunguza maharage. Kila mwali wa nyumba yetu nimempiga picha mimi. Tangu enzi za filamu. Hakuna mwingine aliyewahi.

Halafu Ramadhani kasema kamati itakaa kujadili mpiga picha.

Kujadili nini?

Alhamisi, 7 Agosti

Sikulala vizuri na asubuhi nimemgombeza muuza maji bure. Nimemwomba radhi. Kidogo.

Ramadhani kapiga tena. Wakwe wanatoka mjini, ni watu wa maofisini, wanataka shughuli yenye hadhi. Wamemtaja kijana wa Dar anayeitwa Inno. Vifaa vyake vyote orijino, kamera na lenzi jina moja. Kamati imesema atakayepiga picha awe hivyo. Na wamesikia mimi nina lenzi ya kuungaunga.

Wamesikia kwa nani? Kwa Ramadhani mwenyewe. Nani mwingine anaijua lenzi yangu? Mwezi wa tatu alikaa hapa studio siku nzima akinywa chai yangu na kuuliza maswali. Kumbe alikuwa anapeleleza.

Nimekasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyo. Nimekasirika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda mwenyewe. Mbezi, Pugu, Kisarawe, halafu bodaboda mpaka Maneromango. Nimefika na vumbi kwenye kope. Sikunawa. Nilitaka wanione nilivyotoka mbali.

Kamati ilikuwa imekaa uani kwenye viti vya plastiki. Ramadhani na daftari lake katikati. Wakwe watatu. Inno naye yupo, kijana mrefu, heshima anayo, kaniamkia shikamoo bibi kwa mikono miwili. Marahaba. Kisha akaomba kuishika kamera yangu. Nikampa. Kaigeuza, kasoma, kasema kwa upole kabisa, bibi, lenzi hii ni ya kampuni ya pembeni. Mkwe mmoja, mnene, kavaa saa kubwa, kasema basi ni lenzi ya mchongo, feki tu. Wakacheka.

Nikasimama. Nikawaambia jicho langu la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, nikafanyiwa upasuaji, likatolewa la Mungu likawekwa lenzi ya kiwandani. Sijui kiwanda gani. Daktari hakuniambia na mimi sikuuliza. Ndiyo ninayowaonea ninyi hapa. Mnene wewe nakuona mnene. Kuna anayetaka kunirudishia orijino?

Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele kule jikoni wakapiga vigelegele. Hata Inno kaziba mdomo kucheka.

Haikusaidia. Ramadhani kagonga kalamu kwenye daftari kama yuko darasani. Uamuzi: nije na lenzi yenye jina la kamera kabla ya Jumapili ijayo kwisha. La sivyo kazi ni ya Inno.

Dada, ni utaratibu tu, kaniambia wakati naondoka. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni huyu.

Jumatano, 13 Agosti

Kariakoo, kwa fundi kamera. Ghorofani, chumba kama kabati, mezani bisibisi ndogo kama sindano. Ananiita bi mkubwa. Nimemuuliza bei ya lenzi orijino inayovuta kama yangu. Kaitaja. Nikamwomba maji ya kunywa.

Nikamweleza yote. Kasikiliza huku anapuliza vumbi kwenye kamera ya mtu. Halafu kanieleza jambo ambalo sikulijua miaka yote hii. Kasema kampuni za kamera si kila lenzi wanaichonga wao. Nyingine wanawapa viwanda vingine, viwanda kama hicho cha lenzi yangu. Wale wanakata kioo, wanasugua, wanafunga kila kitu, halafu mkubwa anagonga jina lake mbele. Inakwenda dukani. Watu wananunua wanasema orijino.

Nikaruka kwenye kigoda. Kwa hiyo lenzi ya Inno huenda imetoka kwa jirani wa yangu!

Huenda, kasema fundi. Huenda na siyo. Sijui, bi mkubwa, kwa sababu hawasemi.

Hawasemi! Nimecheka njia nzima mpaka Mbezi. Abiria mwenzangu kahama kiti. Kumbe ule ukubwa wote ni kibandiko.

Ijumaa, 15 Agosti

Studio nimefunga mapema.

Naandika nilichofanya. Nimeitoa ile lenzi iliyokufa kwenye boksi. Mbele ina kipete chembamba chenye jina la kampuni ya kamera, kwa herufi nyeupe. Nimekitoa kwa sindano ya cherehani, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Nimekipaka gundi. Nimekibandika juu ya jina la lenzi yangu. Kimekaa. Kinapwaya kidogo upande mmoja lakini lazima ujue ndiyo uone. Ubavuni nimebandika kitambaa cheusi kufunika maandishi. Kifuniko nimetumia cha zamani.

Wakubwa wanafanya. Fundi kasema. Kioo cha huyu, jina la yule. Mimi nimekosa nini?

Chai imenishinda kuimaliza.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepita. Kazi ni yangu.

Ramadhani kaishika lenzi kwa mikono miwili kama msahafu. Kavaa miwani, kasoma jina kwa sauti kamati nzima isikie. Sasa hii ndiyo lenzi, dada. Mkwe mnene kanipongeza, kasema bibi ameenda na wakati. Wakaniomba nipige picha mbili za majaribio. Nikapiga. Wakazitazama kwenye kioo cha kamera wakasema tofauti inaonekana wazi, rangi zimekolea.

Tofauti inaonekana wazi! Lenzi ile ile. Ningeweza kucheka.

Sikucheka. Inno aliiangalia muda mrefu kuliko wote. Macho yake yakasimama pale kipete kinapopwaya. Kisha kanitazama. Kakunja mguu wa kamera yake, kaaga, kaondoka. Ningependa zaidi angeniumbua.

Walinipakulia wali na kuku. Nimekula kwa adabu.

Jumatano, 20 Agosti

Kazi kidogo leo. Mzee wa Mbwawa kataka picha na baiskeli yake mpya, nimempigia nje. Picha safi, unahesabu mpaka spoku. Nikaigeuza kamera, nikaliona lile jina mbele. Nikaona aibu mbele ya baiskeli.

Nawaza watu wa kile kiwanda. Lazima wapo. Kuna mwanamke huko, sijui nchi gani, anasugua kioo siku nzima mpaka mgongo unauma. Anajua kazi yake. Halafu kikitoka kinabandikwa jina la mtu ambaye hajawahi kukigusa. Na mimi nilipotoka kwa fundi nilicheka, nikaona ni utamu wa kuwasuta watu. Si utamu. Ni jambo baya. Sasa nimelifanya mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sindano yangu.

Miaka miwili lenzi hii imeniwekea chakula mezani. Nimeibandika uongo usoni ili mkwe mnene anisifu.

Mjinga mimi.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekibandua. Gundi haikutaka, nimeikwangua na ukucha, kisha na kisu. Herufi za jina lake zimepata mkwaruzo, mbili zimefutika nusu. Nyingine zinasomeka. Bora hivyo.

Nikampigia Ramadhani. Sikuzunguka. Nimemwambia lenzi mliyoisifu Jumapili iliyopita ni ile ile mliyoicheka, nilibandika jina. Kafoka. Mimi! Kanifokea mimi! Umenidanganya mbele ya wakwe, dada, umenivua nguo.

Nikamwambia ndiyo, nimekudanganya, na hilo nakuomba radhi. Mimi ndiye niliyedanganya. Lenzi haikudanganya. Picha mlizozisifu ni zake.

Kasema kazi anapewa Inno na mimi nije kama mgeni mwingine yeyote, nivae sare nikae kwenye mkeka.

Sawa. Nikakata mimi kwanza.

Nimelia. Muda wa kuchemsha maji. Basi, nimemaliza.

Lakini naandika hapa ili nikisahau nisome: kila mwali wa nyumba ile nimempiga picha mimi na kila picha watu wanajua nimepiga mimi. Tatu atakuwa wa kwanza ambaye sikumpiga. Hilo ndilo linaloniuma. Pesa yao siitaki.

Jumatano, 27 Agosti

Simu kutoka Maneromango, namba siijui. Kumbe Bi Chausiku kaazima simu ya jirani. Huyu ndiye nyakanga, ndiye mkuu wa wote wanaomfunda mwali. Ana sauti kama anaita ng'ombe. Kanizidi umri na hajawahi kuniacha nisahau.

Kauliza: hiyo kamati yenu ina kichaa? Nikamuuliza kwa nini. Kasema imemweka mwanamume kupiga picha za mwali. Atampigia wapi? Mwali anaogeshwa ndani, anapambwa ndani, anaaswa ndani, yote nyuma ya wigo, na nyuma ya wigo hapiti mwanamume, hata mkuu wa wilaya. Anatoka nje mara moja tu, juu ya mabega, kafunikwa kanga, na wanawake wamemzunguka. Huyo kijana atapiga picha kanga?

Nikasema sikulifikiria. Kweli sikulifikiria. Miaka yote mimi naingia tu kwa sababu ni mimi, nilisahau kama kuna mlango.

Kamati haikuniuliza, kasema. Wamekaa wanaume na mkwe wao wanapanga mambo ya ndani bila kumuuliza mwenye ndani. Wewe ni bibi wa mwali. Mahali pako ni ndani. Njoo na hicho chombo chako. Nikisema piga, unapiga. Nikisema weka chini, unaweka chini. Umesikia, Siku?

Nimesikia, dada.

Na usijipake manukato, unanitia chafya.

Jumapili, 31 Agosti

Jana ilikuwa shughuli. Naandika asubuhi, miguu kwenye beseni.

Nilifika na sare yangu, kamera kwenye kikapu chini ya kanga. Ramadhani kaniona, kageuza kichwa. Inno alikuwa uani na vifaa vyake, mguu wa kamera, mwamvuli wa taa, kila kitu jina moja. Nimepita pembeni yake nikaingia nyuma ya wigo kama wanawake wengine. Hakuna aliyenizuia. Nani angenizuia? Mlangoni walikaa wanawake wanne wenye upawa.

Ya ndani siandiki hata humu. Anayejua anajua.

Naandika ya picha tu. Mbele ya mwali hasimami mtu ila nyakanga, hiyo ndiyo sheria, kwa hiyo nilikaa kule mwisho, mgongo ukutani, nikavuta. Mwanga ulikuwa unapita kwenye nafasi za makuti, vistari vistari. Bi Chausiku akisema piga napiga, akisema chini naweka chini. Mara moja nilichelewa kuweka chini, kanirushia ganda la nazi. Limenipata gotini. Haki yake.

Tatu kapambwa. Shanga, wanja, kanga mpya mbili. Macho kayainamisha saa nzima kama alivyofundishwa. Kisha somo wake, mmoja wa waliomfunda, kamnong'oneza kitu sikukisikia, na mtoto akashindwa, akacheka, kichwa kikanyanyuka. Mara moja tu. Nilikuwa nimeshavuta. Nikaipata.

Halafu kabebwa mabegani, kafunikwa, vigelegele, vumbi, ngoma. Uani wanawake wamejaa duara. Inno anakimbia huku, anakimbia kule, kapanda hata juu ya ndoo. Nimemwonea huruma. Si kosa lake.

Mambo yalipotulia Inno kaja na Ramadhani nyuma ya jiko nilipokuwa nakunywa uji. Kachuchumaa kwa heshima. Bibi, kasema, mimi za ndani sina hata moja na wakwe wanataka albamu kamili. Naomba memori kadi yako. Nitazichanganya na zangu, zote nitaziwekea nembo yangu ili kazi ionekane moja. Bibi nitakutoa vizuri, pesa ipo.

Nikamuuliza kwa hiyo nimepiga mimi, jina lako wewe?

Kasema bibi, mbona ndivyo biashara inavyokwenda, hata kampuni za lenzi zinafanyiana hivyo. Hakusema kwa ubaya. Kumbe naye anajua.

Nikayakumbuka maneno ya fundi. Hawasemi. Ndiyo mimi sasa. Mimi ndiye yule mwanamke wa kiwandani.

Nikamwambia mwanangu, kazi yako naiheshimu, jina lako lichunge. Na mimi nachunga langu. Kadi haitoki.

Ramadhani akaingilia. Dada, usituaibishe mara ya pili. Toa kadi, ni amri ya kamati. Nikamwambia kamati ilisema mimi ni mgeni wa mkeka. Mgeni wa mkeka haamriwi na kamati. Akanyoosha mkono kwenye kikapu changu. Mkono! Mbele ya uji wangu!

Hapo Bi Chausiku akatokea, sijui alikuwa amesimama wapi. Kasema mwalimu, hizo ni picha za ndani. Za ndani zinatoka kwa ruhusa yangu, kwa mkono wa aliyezipiga, kwenda kwa wanawake waliokuwemo. Wewe ulikuwemo? Ramadhani kasema hapana. Basi rudi ukamalizie pilau.

Karudi. Inno kanyanyuka, kaniaga shikamoo nyingine ambayo haikuwa na kazi, kaondoka anatabasamu kidogo.

Goti limevimba. Nina furaha kubwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimesafisha picha zote. Ishirini na mbili alizoruhusu Bi Chausiku. Nyingine nimezifuta mbele yake kabla sijaondoka, kama ilivyo desturi.

Nimezipeleka mwenyewe, mkono kwa mkono. Kila mwanamke kapewa yake. Sikuzituma kwenye simu ya mtu. Bi Chausiku kaiangalia yake kwa mbali, kwa karibu, kasema pua imekuwa kubwa. Nikamwambia pua ni yake, lenzi haiongezi. Kaiweka kifuani ndani ya gauni.

Tatu kaniamkia, kapokea yake, kaiangalia, kaificha ndani ya kanga yake.

Picha za Inno zimewekwa kwenye grupu la ukoo. Nembo yake kwenye pembe ya kila moja. Migongo, mabega, kanga, vumbi. Moja nzuri sana, mkono wa Tatu umetoka chini ya kanga umeshika bega la aliyembeba. Ile kijana kaiweza. Nimeandika hapo chini: hii nzuri. Ni kweli na mimi kweli siifichi.

Mkwe mnene kauliza kwenye grupu za ndani ziko wapi. Nikajibu ziko kwa wenyewe. Kauliza nani kapiga. Wanawake saba wakajibu kabla yangu. Wengine hata kuandika hawajui vizuri, jina langu, Sikudhani, limetokea kwa namna saba.

Ramadhani kimya. Hajapiga. Na mimi sipigi.

Jumanne, 9 Septemba

Pasipoti saizi tisa. Mtoto mchanga mmoja, kazi ya kumfanya afungue macho imechukua muda kuliko wote wanane. Mteja kauliza habari ya mikwaruzo mbele ya lenzi. Nikamwambia nilikuwa nafuta makosa yangu. Hakuelewa. Hakutakiwa kuelewa. Nyoosha shingo.

Ramadhani bado. Siku kumi sasa. Tukiwa wadogo hakumaliza hata siku moja amenuna.

Nisijifanye. Inaniuma kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba

Kaja. Baada ya sala ya Ijumaa, kanzu yake bado safi, maana yake amesali huku huku Kibaha. Kasimama mlangoni studio kama mteja. Nilikuwa na mtu, nikamwacha asimame. Nilipomaliza nikamwambia kaa. Kakaa kwenye kile kigoda cha wapigwa picha, mbele ya shuka.

Nikamchemshia chai. Hakuzungumzia kamati, na mimi sikuizungumzia.

Kisha kasema Tatu kamwonyesha picha yake. Ile anayocheka. Kasema, dada, ni mama. Ni mama kabisa, alipokuwa anacheka na meno yale. Mama hakuwahi kupigwa picha. Alikufa bila hata moja. Kasema alikuwa ameanza kuisahau sura yake na hakutaka kumwambia mtu.

Na mimi niliiona sura hiyo siku ile ile, nilipokaa pale ukutani. Sikuiandika. Sikuweza.

Kaomba ya kwake. Nilikuwa nimemsafishia tangu Alhamisi ile, iko kwenye bahasha, ruhusa nilishaomba kwa Bi Chausiku. Nikampa. Kaitazama mpaka chai ikapoa. Halafu kaigeuza nyuma. Peupe. Kauliza mbona hakuna jina. Nikasema mimi mwandiko wangu mbaya, unaharibu picha. Nilitolewa darasa la nne, yeye akaendelea mpaka akawa mwalimu, mwandiko wake kila mtu Maneromango anaujua.

Katoa kalamu mfukoni mwa kanzu. Kavaa miwani. Kaandika taratibu, kama anavyoandika ubaoni: Sikudhani binti Kondo ndiye aliyepiga.

Nikaichukua, nikaisogeza kwenye mwanga. Nikamwambia herufi ndogo mno.

Kaandika tena, chini yake, kubwa. Jina langu sasa lipo mara mbili.